Kutoka Goli Hadi Goli

Mchoro wa bomba ulifika kituo cha polisi ndani ya flashi, flashi ikaja ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ikaletwa na Mhandisi mwenyewe, mtu mwenye viatu visivyojua tope. Aliiweka mezani, akasema kila kitu kimo humo, akaangalia saa, akaondoka. Sajini akabaki anaitazama ile bahasha kama unavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Ijumaa asubuhi Nyapara alikuwa anapandishwa kwa hakimu kwa kosa la kuua mtu kwa uzembe. Kesi nzima, pamoja na ile miaka ambayo mzee wa watu angekwenda kuimalizia ndani, ilikuwa imeegemea kidude hicho kisichozidi kidole.

Kisa chenyewe hakikuwa na mapambo. Wiki tatu nyuma walikuwa wanachimba mtaro wa bomba la maji kwenye uwanda wa majani nyuma ya shule ya msingi. Kulikuwa na mchimbaji mmoja, jitu la watu, wenzake walimbandika jina la Tingatinga, maana akishika sululu wewe kaa pembeni uangalie tu. Basi Tingatinga alipiga sululu yake juu ya kebo ya umeme iliyofukiwa chini, ile kebo nene ya moto mkubwa. Hakupiga ya pili. Na aliyepima mstari ule, aliyesimama na kusema chimbeni hapa, alikuwa Nyapara wa kazi, mzee wa miaka sitini na mbili, aliyesimamia mitaro tangu wengine hatujajua kufunga vifungo vya shati.

Nyapara alikuwa na neno moja tu la kujitetea: amefuata karatasi. Karatasi ilisema pima mita mia na kumi kutoka kwenye bikoni ya shule, ile nguzo fupi ya zege wanayofukia wapima ardhi, na yeye akapima mia na kumi. Karatasi iko wapi? Ilikuwa mkononi, akaitupa aliporuka kumvuta Tingatinga kwa ubao, ikaangukia mtaroni, na jioni ile ile mvua ikanyesha. Ilikuwa imebaki uji.

Mhandisi naye alikuwa na lake. Mchoro unasema mita tisini na tano, alisema. Mzee kachimba mita kumi na tano nje ya mstari. Na kweli ukifikiri, mita kumi na tano si kuteleza kwa mkono, hayo ni matembezi.

Sajini alikuwa amemhoji Nyapara mara nne. Katika miaka thelathini na moja ya kazi alijifunza jambo moja kuhusu waongo: kila ukiwarudia wanakupa zaidi. Leo mvua, kesho mvua na upepo, keshokutwa mvua, upepo na shahidi aliyekuwa anapita na baiskeli. Nyapara hakuongeza hata punje. Mia na kumi, karatasi, mtaroni, uji. Mara nne. Ndiyo maana Sajini, badala ya kuitia ile flashi kwenye faili na kwenda zake kunywa chai, aliipeleka kwa Karani wa kituo.

Karani alikuwa mama mmoja mnene mwenye ulimi, ndiye peke yake pale aliyeelewana na ile kompyuta. Wengine ikiwaona tu inazima. Akahangaika nayo, akapakua programu ya kufungulia michoro, akaisema kompyuta maneno ambayo hata mke mwenza haambiwi, mwishowe mchoro ukafunguka. Mistari mitupu. Mstari wa uzio wa shule, bikoni kwenye pembe, mstari wa buluu wa bomba umeandikwa tisini na tano, mstari mwekundu wa kebo umeandikwa mia na kumi. Na nyuma ya mistari yote kulikuwa na boksi kubwa tupu, halina kitu, ila katikati yake maneno madogo madogo marefu.

Mambo mawili yakamkaa Sajini. La kwanza, ule mstari mwekundu. Ulipita mahali pale pale alipofia Tingatinga, hausogei hata nusu mita. Kebo iliyofukiwa miaka kadhaa, hakuna anayeiona, halafu mchoro uliotoka kabla ya ajali unaijua kwa kidole? Inawezekana. Lakini kwa kawaida mtu anayejua kitu sawasawa hivyo ni yule aliyekwisha kukiona.

La pili lilikuwa lile boksi. Alimuuliza Karani ni nini. Karani akamwambia, kwa upole wa kumfundisha mtoto kuvaa viatu, kwamba hapo palikuwa na picha. Wachoraji wa siku hizi wanachukua picha iliyopigwa na setilaiti huko juu, wanaiingiza kwenye mchoro, wanaitandika chini kama mkeka, halafu wanachora juu yake. Sasa mchoro haumezi picha. Unaweka tu kumbukumbu ya mahali picha inapokaa. Ukibeba mchoro ukaiacha picha nyumbani, ndiyo unapata boksi tupu na anwani.

“Kwa hiyo haya maneno ni anwani,” alisema Sajini.

“Ndiyo anwani. Inaanzia kwenye kompyuta yenyewe, inaingia chumba kwa chumba. Soma hapa.”

Akasoma. Neno la kwanza kubwa lilikuwa STESHENERI. La pili, KAZI ZA MHANDISI. La tatu, UWANJA SHULE.

Sajini akafungua faili akatafuta maelezo ya Mhandisi, ukurasa wa pili. Nimechora mwenyewe, ofisini kwangu. Ofisi ile Sajini aliijua, orofa ya tatu, milango ya vioo, kiyoyozi mpaka unatamani sweta. Picha ya mtu wa ofisi ile inakwenda kulala stesheneri kufanya nini?

Basi akavaa kofia.

Karibu na ofisi ya Mhandisi kulikuwa na maduka matatu ya stesheneri. La kwanza, Sajini alipotoa kitambulisho tu mwenye duka akaanza kukana vyeti. Hajauza cheti, hajui vyeti, na kama kuna cheti kimeonekana ni cha mtu aliyekuja kukipiga kopi. Sajini hakuwa amefungua mdomo. Akakiandika hicho pembeni kwa ajili ya siku nyingine, akatoka. La pili walikuwa wanachapa kadi za harusi tu, na kompyuta yao ilikuwa ndogo ya kuhurumiwa.

La tatu lilikuwa nyuma ya soko, mlango mwembamba, mashine ya kopi mlangoni, na ndani kabisa, baada ya pazia, mwanamke wa miaka thelathini hivi amekaa mbele ya skrini pana kama dirisha. Alikuwa anachora ngazi za nyumba ya mtu. Alipoinua uso akaona yule ni nani, mkono wake ukaachia kipanya, ukalala juu ya meza.

Alimwamkia kwa adabu, akampa stuli. Sajini hakukaa. Ukutani juu ya skrini kulikuwa na picha ya harusi. Bwana harusi Sajini hakumjua. Bibi harusi alikuwa huyu huyu. Na aliyesimama kando ya bwana harusi, kwenye suti iliyombana mabegani, kidevu juu kama mtu anayepimwa urefu, alikuwa Nyapara.

Hapo nitasema kweli, moyo wa Sajini ulimwenda vibaya. Wiki tatu, mahojiano manne, na mzee hakutaja hata siku moja kwamba aliyechora ni mkwe wake. Mtu anayeficha dogo hilo ameficha na jingine. Akaanza kuona njama: mkwe na mkwe wamepanga, wamegombana, kitu gani. Alilifikiria hilo muda wa kutosha mpaka lilipoanza kumkalia vizuri, na likimkalia vizuri ndipo hulitilia shaka.

Akamuuliza kwa nini mzee hakumtaja. Mchoraji akajibu akiangalia magoti yake. Baba mkwe alimwambia siku ile alipokuja kukamatwa, mbele ya askari, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wewe hujui kitu, wewe pika. Basi. Alikuwa anamkinga.

Halafu akasema yote, bila kusukumwa, maana wiki tatu za kumeza ni nyingi. Mhandisi humletea kazi, yeye huchora, Mhandisi hugonga muhuri wake na jina lake. Ndivyo wanavyoishi miaka mitano. Mchoro wa bomba lile aliuchora yeye. Na siku ya ajali, saa tisa, hata maiti haijafika chumba cha maiti, Mhandisi alikuja akakaa kwenye stuli hiyo hiyo. Akamwamuru ausogeze mstari wa kebo kutoka mia na ishirini na tano uje mia na kumi, na wa bomba kutoka mia na kumi uende tisini na tano, autoe upya. Alipouliza kwa nini, akaambiwa akipenda anaweza kwenda kuuliza vizuri akiwa chumba kimoja na baba mkwe wake.

“Nikinyamaza anafungwa baba,” alisema Mchoraji. “Nikisema tunakwenda wote. Sasa wewe ungefanya nini?”

Sajini akainamia skrini. Aliuliza kama ule mchoro wa kwanza bado upo, hata kipande.

Kumbe kompyuta ina tabia moja nzuri. Kila ukihifadhi mchoro mpya, inauweka kando ule wa zamani kimya kimya, kama nyoka anavyoacha gamba. Mhandisi hakulijua hilo, yeye wa kugonga muhuri. Mchoraji akafungua gamba. Na kwa kuwa pale ndipo nyumbani kwa picha, lile boksi halikuwa tupu tena. Shule ikatokea kutoka juu, mapaa ya mabati, miti kama vichwa vya kabichi, uwanja wa mpira, uwanda wa majani, na katikati ya majani kovu jeupe jembamba lililonyooka, mtaro wa kebo uliokuwa umefukiwa karibuni siku picha ilipopigwa. Mstari mwekundu umepita juu ya kovu. Mia na ishirini na tano. Mstari wa buluu, mia na kumi.

Mia na kumi. Mara nne mzee kaisema.

Sajini sasa akakaa kwenye stuli. Wiki tatu hajawahi kujisikia hivi. Angechukua hiki, akichapishe, mama huyu asaini, Ijumaa hakimu aone michoro miwili, na Nyapara alale kwake. Alitakiwa aondoke hapo hapo. Mimi ningeondoka. Lakini mtu wa kazi ile ana ugonjwa, hawezi kuona uzi unaning’inia asiuvute.

Akauliza, kama kebo kwa kweli iko mia na kumi, maana huko ndiko ilikomuua mtu, mbona picha inasema mia na ishirini na tano? Setilaiti imedanganya?

Mchoraji akamweleza. Picha ikiingia kwenye mchoro haijijui ukubwa. Inaweza kuja kama stempu, inaweza kuja kubwa kuliko wilaya. Kazi yako ni kutafuta vitu viwili ndani ya picha ambavyo unajua umbali wake wa kweli ardhini. Unabonyeza cha kwanza, unabonyeza cha pili, unaandika umbali, na picha nzima inajivuta inakaa. Kisha unaipachika kwenye bikoni na kuanza kuchora. Inatakiwa mpima ardhi aende na vyombo vyake, lakini Mhandisi hakutaka kungoja mpima. Kwa hiyo Mchoraji alitumia magoli ya uwanja wa shule. Goli hadi goli, mita mia.

“Mia uliitoa wapi?”

“Uwanja si ni mia.”

“Nani alisema?”

Mchoraji akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa. Akasema aliuliza mtu anayeujua uwanja ule. Sajini akangoja. Akasema tena, mtu anayeujua. Kisha akasema atasaini kila kitu, habari ya Mhandisi, mchoro wa kwanza, yote, leo hii. Ila hilo la mia asiulizwe. Akaomba hivyo mara mbili.

Alhamisi asubuhi Sajini alikuwa uwanjani na futikamba ya mita hamsini. Watoto walikuwa madarasani wanaimba hesabu. Aliyemsaidia kushika ncha ni mama mlinzi wa shule, wanamwita Mama Kengele kwa kuwa kengele ya shule ni yake, hata mwalimu mkuu haigusi bila ruhusa. Mama Kengele alishika ile ncha kwenye mlingoti wa goli la chini kwa dole gumba na kusema leo polisi wameishiwa wezi, wamekuja kukamata uwanja.

Hamsini ya kwanza, wakachomeka kijiti. Wakavuta tena. Futikamba ikafika kwenye goli la juu kabla haijaisha. Sajini akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Thelathini na nane. Wakarudia kutoka juu kuja chini. Thelathini na nane.

Mita themanini na nane.

Alichuchumaa pale pale akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja. Kila mita mia za mchoro, ardhini ni themanini na nane. Basi mia na ishirini na tano ya mchoro ni ngapi ya ardhini? Ikatoka mia na kumi, kamili, haikubakiza kitu. Nyapara alifuata karatasi, na karatasi ikampeleka moja kwa moja juu ya kebo, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Mama Kengele akaeleza bila kuulizwa sana. Goli la juu lilisogezwa walipojenga vyoo vipya, miaka sita sasa, maana mpira ulikuwa unaingia kwa watu waliochuchumaa. Zamani uwanja ulikuwa mia, na ilikuwa mia kweli, hilo mji mzima unalijua. Na aliyeupima mara ya kwanza, kijana wakati huo, na kamba yake na vigingi, anafukuza mbuzi, ni yule mzee mliyemfunga.

Sajini akamtazama.

“Akipita hapa lazima aseme,” Mama Kengele aliendelea. “Mita mia kamili, nimezipima kwa mkono wangu. Tumeshamzoea. Hata harusi ya mwanawe alisema.”

“Goli liliposogezwa yeye alikuwa wapi?”

“Kwenye kazi za bwawa huko mbali. Miaka miwili hakuonekana.”

“Na aliporudi hakuna aliyemwambia.”

Mama Kengele akamwangalia kama amepungukiwa. “Nani aende kumwambia mtu goli limesogea? Kwani msiba?”

Sasa fikiria hali ya Sajini anarudi mjini na karatasi zile kwenye mkoba. Ana kila kitu. Ana mchoro wa kwanza uliochapwa, ana saini ya Mchoraji juu ya habari ya Mhandisi, ana hesabu. Njia nzima alikuwa anajipangia maneno: nitamwambia mchoro umepatikana, basi, hapo ninyamaze. Mengine yasemwe na mawakili. Mzee hana haja ya kujua.

Nyapara aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa nane. Chumba chenyewe meza moja, viti viwili, dirisha la juu. Wiki tatu zilikuwa zimemkausha, lakini alikaa wima, mikono mezani, kucha zimekatwa. Sajini akamtandikia ule mchoro wa kwanza.

Mzee hakuangalia kitu kingine. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye mia na kumi kikatulia hapo. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha ndani, na machozi yakawa yanashuka pamoja nacho bila kugombana. Akasema anamshukuru Mungu, na Sajini, na mama aliyemzaa Sajini. Akasema siku zote hizo mle ndani alikuwa ameanza kujishuku, labda macho, labda uzee, labda kweli alisoma vibaya. Sasa angeweza kumtazama mjane wa Tingatinga usoni. Asingemrudishia mume, lakini angemtazama.

Sajini akaanza kukusanya karatasi, haraka kidogo.

“Ngoja,” alisema Nyapara. “Sasa mkwe wangu alikosea wapi? Yule hakosei.”

Sajini akasema ni mambo ya kitaalamu, picha haikukaa vizuri, ilivutika zaidi ya kiasi.

“Ilivutika kwa sababu gani?”

“Kipimo, mzee.”

Nyapara alikuwa mtu wa futikamba maisha yake yote. Shule hakwenda sana, lakini kipimo huwezi kumpitisha nacho uchochoroni. Sajini aliyaona macho ya mzee yakienda mbali, kwenye meza ya nyumbani, sahani, mkwe wake anauliza kitu wakati anamnawisha mikono.

“Alitumia uwanja,” alisema mzee polepole. “Aliniuliza tukiwa tunakula. Baba, goli hadi goli ni ngapi. Mwanangu akasema usimuulize huyo atatueleza mpaka asubuhi.”

Sajini akaendelea kukusanya karatasi.

“Wewe umeupima.”

“Nimeupima.”

“Ngapi?”

Hapo Sajini angeweza kusema uongo, nani angemlaumu? Lakini alikuwa amekaa miaka thelathini na moja upande ule wa meza akiwadai watu ukweli, na ulipofika wakati wa kudaiwa yeye, akakuta mdomo umeshazoea.

“Themanini na nane. Goli la juu walilisogeza wakati uko bwawani.”

Mzee hakuhitaji kalamu. Midomo ilitikisika mara mbili tu. “Mia na kumi,” alisema. Akarudisha mkono wake kutoka kwenye mchoro, akauweka mapajani, kama mtu aliyekatazwa kugusa.

Sajini alizungumza sana baada ya hapo, pengine kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Akamweleza kwamba neno lililosemwa mezani wakati wa kula si kosa la jinai. Kwamba mwenye wajibu ni aliyegonga muhuri, aliyeacha kumleta mpima, aliyebadilisha mchoro maiti haijapoa. Kwamba sheria iko wazi. Nyapara alimsikiliza kama unavyosikiliza mvua inayonyesha mji mwingine.

“Nani atayasema hayo mahakamani?” akauliza.

“Mkwe wako. Ameshasaini.”

“Na wakili wa Mhandisi atamuuliza hiyo mia kaitoa wapi.”

Sajini alikuwa ameshalifikiria hilo. Yeye mwenyewe, angekuwa wakili, lingekuwa swali lake la kwanza.

“Atasimama pale,” alisema Nyapara, “mume wake amekaa kwenye benchi, mjane wa Tingatinga amekaa kwenye benchi, aseme baba mkwe ndiye aliyeniambia. Halafu arudi nyumbani kwangu awapikie wanangu. Hayo yataisha mwaka gani? Lete karatasi yako.”

“Mzee, unaachiwa kesho.”

“Naachiwa niende wapi?”

Walibishana, kama kubishana ndiko huko, mmoja anasema na mwingine amekaa. Nyapara alitaka iandikwe kwamba alichimba nje ya mstari. Sajini akakataa katakata, hataandika uongo mbele ya mtu aliyemwambia ukweli. Basi mzee akafikiri, akatafuta maneno mengine, akayasema moja moja ili Sajini asipitwe: nilisema wachimbe pale, na pale hapakuwa pa kuchimba. Nakiri kosa. Akauliza kama humo kuna uongo.

Hamkuwa na uongo. Sajini akaandika neno kwa neno, akamgeuzia karatasi. Nyapara akasaini kwa jina lake lote, taratibu, akipiga mstari chini kama wanavyofanya wapimaji.

Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo yale amesimama. Sajini akamwekea na ule mchoro wa kwanza, saini ya Mchoraji, hesabu ya uwanja, akaomba Mhandisi aitwe. Mkuu akauliza kama mzee alipigwa. Hakupigwa. Alitishwa? Hakutishwa. Basi mtu amekiri, alisema Mkuu, wewe unataka nini tena, unataka nimbembeleze akane? Habari ya mchoro kubadilishwa ifunguliwe faili lake, tutaliangalia. Sajini alilijua kabati la mafaili ya tutaliangalia. Mlango wake haufungi, yamejaa.

Ijumaa hakimu alitumia dakika tisa. Alimuuliza Nyapara kama ameelewa shitaka, akasema ameelewa na anakiri. Akamuuliza kama ana la kusema, akasema hana. Miaka minne. Mjane wa Tingatinga alikuwa amekaa mbele, kitenge kimemfunika mpaka mdomoni, na mzee alipopitishwa mbele yake aliinamisha kichwa mpaka pingu zikalia. Mjane hakumwangalia. Mhandisi aliondoka kwanza, simu sikioni.

Mchoraji alikuwa nje kwenye ngazi, amejiandaa, nguo ya heshima, mkoba mkononi, anangoja kuitwa kutoa ushahidi. Hakuna aliyekuja kumwita. Alipomwona Sajini anatoka peke yake akaelewa, si kwamba aliuliza. Akakaa kwenye ngazi. Sajini akasimama karibu naye, kofia mkononi, akamweleza kwa maneno machache: mzee amekiri mwenyewe, kwa hiari, ushahidi wake haukuhitajika.

Watu wa kesi nyingine walikuwa wanapanda na kushuka, wanamruka.

“Uliupima ule uwanja?” aliuliza mwishowe.

“Niliupima.”

Sajini akangoja aulizwe ni ngapi. Mchoraji alimtazama usoni, akafungua mdomo, kisha akanyanyua kiganja taratibu kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

“Usiniambie,” alisema. Akainuka, akajipangusa vumbi la ngazi, akashika njia ya nyumbani.